Koti la Shangazi kwenye Mizani ya Ndege

Tangu nirudi sijashona hata suruali moja ya maana. Kila anayeingia dukani anavuta kigoda, anakaa, anauliza yaleyale. Mlituaga uwanja wa ndege hapa Njombe kwa nyimbo na machozi, halafu siku hiyohiyo shemeji wa mtu akatuona Makambako, mimi na Shangazi Yudita, tumekaa barazani kwa mama ntilie tumenuna. Kulikuwa na nini? Na kwa nini Shangazi amerudi bila koti, yeye ambaye hata kanisani halivui? Haya, sikilizeni. Nasimulia mara moja tu, mwenye kusambaza akasambaze. Habari za tiketi sizisemi, hazina utamu wowote.

Njombe, uwanjani

Mjue kwanza tulichokuwa tunakifuata. Shangazi ana mdogo wake, Simoni, ambaye kwangu mimi ni Baba Mdogo. Aliondoka hapa kijana, akaenda Dar kubeba mizigo, akaoa, akafiwa na mke, watoto wakatawanyika, akabaki peke yake kwenye chumba kimoja Tandika. Tumemwita nyumbani mara nyingi, jibu lake ni lilelile: "Niliondoka nikibeba gunia kila bega. Sirudi nikibebwa." Juzijuzi jirani yake akapiga simu. Mzee ameshaangaliwa na madaktari, ugonjwa hauonekani, ila chakula hali. Sahani inaingia imejaa, inatoka imejaa. Alipobembelezwa aseme anataka nini, akasema labda viazi vya shamba la mama yake.

Shangazi alikata simu akaniambia, "Akila, atapona. Asipokula, nitakwenda kumzika, na mimi kumzika mdogo wangu sitaki." Kuanzia hapo hakuwa na habari nyingine. Akaenda shambani kwa bibi yetu, mama yao, njia ya Uwemba, akachimba viazi kwa mkono wake, akajaza kiroba. Nikamwambia tupande basi. "Basi linapita kila mahali kusalimia," akasema. "Simoni hana muda huo. Tunapanda ndege."

Ndege yenyewe ni Safina, ya Mzee Tweve. Wengi mnaijua kwa mlio tu, kwa hiyo nieleze. Mzee Tweve ni Mkinga wa Iwawa, na habari za Wakinga na biashara mnazijua. Aliuza viazi maisha yake yote. Mwaka mmoja mvua ilinyesha vibaya, malori yake yakakwama njia ya Makete mpaka viazi vikaota ndani ya magunia. Akaapa mbele ya wanawe kwamba atanunua chombo kisichojua tope. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mzee akauza malori yote, akabakiza Fuso moja, akanunua ndege ya propela moja ambayo wenyewe walikuwa wameshaichoka. Akaiita Safina, kwa sababu Nuhu naye alichekwa.

Mwanzoni ilibeba vifaranga, chanjo, masista wa Uwemba na mgonjwa mmojammoja. Viti vilikuja baadaye. Hata leo abiria wakiwa wachache, viti vya nyuma vinang'olewa, parachichi zinapanda. Ndege imebadilika lakini Mzee hajabadilika. Abiria anatuita mzigo wa kukaa. "Mzigo wa kukaa upande huu!" anapiga kelele. "Mzigo wa kulala upande ule!" Na katikati ameweka mizani yake ileile ya viazi, ya sahani ya chuma na mshale mkubwa, kila mtu anaona.

Mizani ile ndiyo hakimu. Njombe tuko juu, hewa ni nyepesi na uwanja ni mfupi, ndege ikijaa hapa hainyanyuki. Basi Mzee ana utaratibu wake: ndege inaruka na nusu ya mzigo, nusu nyingine inapakiwa kwenye Fuso hadi Makambako, ambako rafiki yake ana uwanja wa nyasi mrefu shambani. Ndege inatua pale, inajazia, ndipo inashika njia ya Dar. Nani anaruka Njombe, nani anapanda Fuso, mshale ndio unaosema.

Kiroba cha Shangazi kilipowekwa, mshale ulikimbia kupita mahali pake. Mzee Tweve akatikisa kichwa. "Mama, hiki kimezidi. Punguza, au kipande Fuso."

"Nipe nafasi kidogo, nitapunguza," akasema Shangazi, akaenda nyuma ya kibanda na kiroba chake. Akarudi anatembea kwa hadhi, miguu imeachana kidogo. Kiroba kikapimwa, safari hii mshale ukatulia vizuri. Nikaanza kufurahi. Kisha nikalitazama koti.

Koti lile nililishona mimi. Kitambaa kizito, bitana ya blanketi, mifuko ya nje miwili na ya ndani miwili, ya kuwekea Biblia na kitabu cha nyimbo. Sasa mifuko yote ilikuwa imetuna. Shangazi wa watu alifikiri kinachopimwa ni mzigo peke yake.

"Vizuri," akasema Mzee Tweve. "Sasa panda wewe."

"Mimi?"

"Kila mtu anapimwa, mama."

"Mimi nilipimwa mara ya mwisho nikiwa mtoto wa kliniki," akasema Shangazi. "Tena hadharani? Mbele ya wakwe?"

Akapanda hata hivyo, maana kwaya nzima ilikuwa inamtazama. Mshale ukaruka. Mzee Tweve akauangalia mshale, akamwangalia Shangazi, akaangalia mifuko. "Mama," akasema kwa upole kabisa, "mimi nimenunua magunia yaliyofungwa kichwa juu tangu ujana wangu. Lumbesa naijua hata ikivaa kilemba."

Watu walicheka, na wengine nawaona mmekaa hapa. Shangazi hakucheka. Aliambiwa achague: yeye aruke, viazi viende na Fuso, au aviache kabisa Njombe. "Siachani navyo," akasema. "Vikienda na Fuso, na mimi naenda na Fuso." Na mimi mpwa wake, ningefanyaje? Nikapanda Fuso.

Njombe hadi Makambako, kwenye Fuso

Kabla hatujaondoka Mwinjilisti aliomba, kwaya ikaimba, Shangazi akalia, tukapungiana mikono. Nyinyi mkabaki kuisindikiza ndege. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Shangazi alikaa mbele na dereva, mimi nikakaa nyuma na maparachichi, kiroba na bwana mmoja muuza dawa za mifugo aliyekuwa amenuna kwa kuambiwa mbele za watu kwamba amezidi. "Nimelipa kuruka," akawa anasema kila tunapopita kibao cha barabara. "Nimelipa kuruka, niko juu ya Fuso." Mimi nilijifunika turubai. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mashamba ya chai tuliyajua kwa harufu tu.

Tulipofika Makambako jua linawaka na upepo wake ule unang'oa kofia. Dereva alisimama kwa Mama Hosana, mama ntilie wa karibu na uwanja wa nyasi, ndipo abiria wa Safina hupumzika. Akatuambia twende kwanza tukaone uwanja, mzigo atauteremsha yeye. Tukaenda. Uwanja upo, nyasi zipo, ng'ombe wapo, ndege haipo.

"Imeshatuacha!" akasema muuza dawa.

"Haijafika," akasema mchunga ng'ombe. "Ikija huwa natangulia kuwatoa hawa."

Tukasubiri mpaka mchunga ng'ombe akatuonea huruma, akatuambia tukale. Nami nilikuwa na njaa kali.

Makambako, kwa Mama Hosana

Mama Hosana alitupokea kwa bashasha. "Kamwene, kamwene! Mgeni njoo, mwenyeji apone! Leo mna bahati, nina chipsi za viazi ambavyo sijawahi kuviona. Vitamu! Tweve leo kaniletea viazi vya kweli."

Nilishaingiza chipsi mbili mdomoni kabla akili haijanirudia. Nikageuka. Kiroba cha Shangazi kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari, kitupu, kinakauka.

Jamani, kosa halikuwa la mtu. Fuso ile imekuwa ikimletea Mama Hosana viazi miaka na miaka, tangu Mzee Tweve hajawa mtu wa ndege. Dereva mkono wake umeshazoea: parachichi kule, viazi kwa Mama Hosana, pale mlangoni. Na Mama Hosana akiona kiroba cha viazi mlangoni anachukua kisu, hana haja ya kuuliza. Barazani walijaa madereva wa malori wanakula na kusifia.

Shangazi aliingia nyuma yangu. Alikitazama kiroba, akazitazama sahani moja baada ya nyingine. Nilijua ngurumo inakuja, na ikaja.

"Wewe mama! Umemkaanga mdogo wangu!"

Madereva waliacha kutafuna. Mama Hosana alishika kifua. Ilibidi nieleze mimi, kwa haraka, kabla polisi hawajaitwa. Mama Hosana aliposikia habari za mgonjwa alilia kuliko sisi. Akatoa debe la viazi vyake. "Chukueni hivi, mama, viazi ni viazi."

"Hivyo vimetoka wapi?"

"Sokoni."

"Sokoni si shambani kwa mama yangu," akasema Shangazi, sauti imekwisha. Akakaa kwenye benchi. Sijawahi kumwona vile. Mwanamke ambaye amezika mume bila kuegemea mtu, sasa mabega yalikuwa yanashuka kwa kiroba cha viazi. "Nitamwambia nini Simoni?" akaniuliza. "Nitamwambia madereva wamekula?"

Niliisukuma sahani pembeni. Moyo uliniuma kweli, maana chipsi mbili nilikuwa nimekula mimi.

Machozi yakaanza kumtoka. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, akatoa kiazi.

Alikiangalia kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Akaingiza mkono mwingine, akatoa kiazi kingine. Kule Njombe, alipokubali kupanda Fuso, hakuna aliyemwambia avitoe, naye kwa hasira alisahau. Mifuko ya nje, mifuko ya ndani, vyote vimo!

"Mwanangu," akasema, "mifuko hii nani aliishona mikubwa namna hii?"

"Mimi, Shangazi."

"Mungu akubariki." Akavirudisha, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Kuanzia pale koti halikuvuliwa tena. Tulilala nyumba ya wageni, akalala nalo.

Ndege ilikuja asubuhi iliyofuata, ng'ombe wakatolewa. Rubani ni binti, Kapteni Neema, mpole, mwenye adabu zake. Alimpigia Shangazi goti kabisa. "Shikamoo bibi. Tusamehe kwa kuchelewa."

"Marahaba. Mlikuwa wapi?"

Kapteni Neema akaangalia chini. "Bibi, ni ndugu zako waliotusindikiza. Nyinyi mlipoondoka, Mwinjilisti alisema ndege haijawahi kuombewa. Akaombea injini. Akaombea kila gurudumu. Niliona ukungu unatoka upande wa Uwemba, lakini nilikuwa nimefumba macho, nitafumbuaje katikati ya sala? Mzee Tweve mwenyewe ni mzee wa kanisa, hakuthubutu kunyanyua kichwa. Waliposema amina, bawa silioni."

Naam, wapendwa, mnatazama chini sasa? Sisi tuliozidi uzito tulifika Makambako mchana, na waliopasi mizani wakarudi kulala makwao Njombe kwa ajili ya sala zenu. Muuza dawa alipolisikia hilo alicheka mpaka akamsamehe Mzee Tweve.

Makambako hadi Dar es Salaam

Wengine walikuwa wamechoka kusubiri wakapanda mabasi, hivyo ndege ilikuwa nyepesi. Kapteni Neema aliliangalia koti, akatabasamu. "Leo panda nalo, bibi."

Kabla ya kuruka Shangazi alitoa sala fupi kuliko zote alizowahi kutoa. "Bwana, unajua. Amina." Tukaruka.

Nitasema nini juu ya angani? Inatetemeka. Chini ni misitu, halafu milima, halafu rangi ya kahawia, halafu mawingu, halafu tumbo lako. Kila tuliposhuka kidogo joto lilipanda. Muuza dawa alijitolea kumsaidia Shangazi kuvua koti aliweke juu. Alitazamwa kwa jicho ambalo nadhani analikumbuka mpaka leo.

Dar ilitupokea kwa joto kama mvuke wa sufuria. Watu wote wamevaa fulana, Shangazi yumo ndani ya bitana ya blanketi, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Dereva wa bajaji akaniuliza pembeni, "Kaka, bibi ana malaria?"

"Hapana," nikasema. "Ana viazi."

Tandika

Baba Mdogo Simoni alikuwa amelala kwenye mkeka, uso ameugeuzia ukutani. Mimi nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Yule mtu aliyekuwa akituinua watoto wawili kwa mkono mmoja, sasa shuka lilimfunika kama limelazwa juu ya vijiti. Shangazi alipita moja kwa moja hadi kwenye jiko. Akavitoa viazi mfukoni, kimoja kimoja, akamenya vichache, akachemsha, akaweka chumvi, akamsogezea sahani.

Baba Mdogo akageuka taratibu. Akanusa. Akachukua kipande, akatafuna muda mrefu sana. Shangazi alikuwa ameshika pindo la koti kwa mikono yote miwili.

"Dada," akasema Baba Mdogo.

"Abee."

"Umeviharibu."

"Nini?"

"Mama hakuwa anavimenya. Mama alikuwa anachemsha na maganda yake. Wewe tangu zamani jikoni huna maana."

Weee! Koti, mizani, Fuso, madereva wa malori, joto, yote yalimpanda Shangazi kwa pamoja. "Huna shukrani, Simoni! Nimepimwa hadharani kwa ajili yako! Kama hupendi, vipo vilivyobaki, amka upike mwenyewe!"

Akaamka.

Alishika ukuta, akashika bega langu, akafika kwenye jiko. Akaviosha vile vilivyobaki, akavitia chunguni na maganda yake, akakaa hapo kwenye kigoda kuvilinda. Vilipoiva akala viwili vizima, akamgawia dada yake kimoja, akasema, "Sasa ndiyo viazi." Shangazi alitoka nje. Alisema moshi unamwingia machoni.

Siku zilizofuata alikula uji, akala samaki, akala na kulalamika. Tulipomaliza viazi akauliza kama vingine vipo.

"Vipo," akasema Shangazi. "Viko shambani. Havipandi tena ndege, nimeshaapa. Anayevitaka avifuate."

Baba Mdogo akatikisa kichwa. "Nilisema sirudi nikibebwa."

"Nani atakubeba? Kwa Tweve mtu habebwi. Anapimwa."

Kurudi

Safina ina kibanda chake kule Dar, na mizani nyingine ya mshale, pacha wa ile ya hapa. Msichana wa zamu alipima mabegi, akanipima mimi, akampima Shangazi. Kisha Baba Mdogo akapanda. Alikuwa amevaa shati lake bora, akasimama wima, kifua mbele, kama mtu anayesubiri kupewa gunia.

Mshale haukwenda mbali. Ulijongea kidogo, ukasimama.

Msichana aligonga kioo kwa kidole, akidhani umekwama. Haukuwa umekwama. Baba Mdogo aliuangalia, nikaona kile kifua kinaanza kushuka. Alitazama mlango. Nilijua anataka kurudi Tandika, na akirudi, tusingemwona tena akiwa hai.

Ndipo Shangazi akafungua vifungo. Kile cha shingoni, cha pili, vyote. Akalivua koti, akamvisha mdogo wake pale palepale juu ya mizani, akamfungia mpaka juu, akampiga mabegani kama anayepanga mto. Mshale ukapanda.

"Haya, binti," akasema. "Uzito wake ndio huo."

"Lakini bibi, hilo ni koti."

"Koti ni lake. Kwetu baridi."

Msichana alimwangalia, akamwangalia Baba Mdogo, akaandika. Tukarudi. Hapa Njombe tulipotua Shangazi alikuwa anatetemeka meno yanagongana, nanyi mkasema mjini wamemwibia, na lile la Baba Mdogo mkadhani ni lake. Sasa mmejua.

Jana Baba Mdogo alipita dukani kwa miguu yake, anatoka kula. Koti linamvaa yeye, mikono imemeza vidole, mabega yananing'inia. Nikamwambia alivue nimpunguzie upande huu na upande huu, nampa siku hiyohiyo. Akanishika mkono uliokuwa na mkasi.

"Usilikate, fundi," akasema. "Nitalijaza."